Si mkaidi, hasikii

Ukurasa wa wafugaji: maswali na majibu

Barua za safari hii zimetoka karibu zote Goma, na moja Bukavu, na zote zinagusa kitu kimoja: mtoto wa mbwa asiyesikia. Tumezipanga kuanzia mwenye shaka.

Swali: Tulipewa mtoto wa mbwa mweupe, wiki 7, jicho moja la buluu. Ukimwita hageuki. Lango la bati likibamizwa ndugu zake wanaruka, yeye amelala tu. Baba watoto anasema ni mkaidi, atanyooka kwa fimbo. Jirani anasema ni kiziwi. Tumsadiki nani? (Mama wa Himbi)

Jibu: Mama, fimbo iwekwe kando kwanza, kwa sababu jirani huenda amesema kweli. Mpime hivi. Mtenge na ndugu zake, maana wao wakishtuka naye hushtuka, nawe utadhani amesikia. Mngojee alale usingizi mzito. Kama nyumba ni ya mbao, usimpimie sakafuni: ubao unapeleka mtetemo mpaka tumboni mwake na kipimo kinaharibika. Mlaze nje juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Simama mita 2 au 3 nyuma yake, upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwake, asije akaamshwa na harufu. Piga firimbi mara moja. Ngoja dakika nzima. Tikisa funguo. Ngoja tena. Gonga sufuria kwa kijiko. Usipige makofi karibu na kichwa wala usibamize mlango, kwa kuwa hewa yake inamgusa manyoya.

Tazama ncha za masikio na kope zake. Mbwa anayesikia huchezesha sikio hata kabla hajaamka. Rudia siku 3, kwa saa tofauti. Kosa la wengi ni kupiga kelele mara kumi mfululizo: hata mbwa mwenye masikio mazima huzizoea akaacha kujibu, na hapo unamtangazia uziwi asio nao. Kosa la pili ni kupima mapema mno. Njia za masikio hufunguka karibu na siku ya 14 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo kabla ya wiki ya 3 kipimo hakina maana.

Kuna wanaosikia sikio moja tu. Huyo huamka, lakini hugeukia upande ambao sauti haikutoka, au hulala fofofo akiwa amelalia lile sikio zima. Yeye mlee kama mbwa mwingine yeyote. Kipimo cha uhakika cha kila sikio ni kile cha mashine inayosoma umeme wa ubongo kwa visindano vidogo chini ya ngozi ya kichwa, na hufanywa kuanzia wiki ya 5 au 6. Kwa kumlea tu hukihitaji.

Weupe na jicho la buluu vina uhusiano na jambo hili. Ndani kabisa ya sikio kuna utepe wa mishipa ya damu unaotegemea chembe zilezile zinazotia rangi ngozi na manyoya. Zikikosekana, utepe hunyauka katika wiki ya 3 au ya 4 ya maisha, na vinyweleo vinavyopokea sauti hufa. Ndiyo maana mbwa wa aina ya Dalmatian, weupe wenye madoa, ndio wanaotajwa zaidi: Marekani karibu 30% yao wana sikio moja au yote mawili yasiyosikia. Vinyweleo vilivyokufa havirudi. Atakayekuuzia matone ya kuvifufua anakula pesa yako.

Swali: Wetu tumehakikisha, hasikii kitu. Ana wiki 10. Nyumba yetu ni ya mbao, na uwanja ni makoro matupu (mawe makali ya volkano). Tunaanzia wapi, na tunamwitaje asiyesikia jina? (Kijana wa Ndosho)

Jibu: Jina mpeni kwa ajili yenu wenyewe. Yeye anahitaji kujua kwanza kwamba kukutazama kunalipa. Mbwa anayesikia unaweza kumdaka kwa sauti hata akiwa amekupa mgongo. Huyu akikupa mgongo umekatika naye, kama simu iliyokosa netiweki. Kwa hiyo kazi ya wiki mbili za kwanza ni macho yake tu. Kukaa, kulala na mengineyo yatafuata.

Tayarisha malipo. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokaushwa zinafaa sana kwa kuwa zinanukia: ziloweke dakika 15, mwaga maji ili chumvi na mchanga vitoke, kisha kata kila moja vipande vitatu. Maini yaliyochemshwa bila chumvi, bila kitunguu, yaliyokatwa kama punje ya muhindi, ni mazuri zaidi kwa siku ngumu. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, basi mchuzi wa jikoni msimpe. Jumla ya malipo isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, la sivyo ataharisha nanyi mtadhani ni minyoo.

Siku ya kwanza mfundishe neno "ndiyo" la mkono: kidole gumba juu. Kaa naye chumbani pasipo na mchezo. Onyesha gumba, kisha papo hapo, kabla sekunde haijaisha, mpe kipande kwa mkono wa pili. Mara 15, mpumzike, mara 15 tena jioni. Mpangilio ndio siri: gumba kwanza, chakula baadaye. Mkono wenye sambaza ukitangulia kusogea, atajifunza kutazama mfuko wako na gumba halitakuwa na maana yoyote. Utajua ameelewa ukiona gumba linatokea na mkia unaanza kabla hajanusa kitu.

Kuanzia siku ya 3, usimwombe lolote. Kaa tu. Kila anapoinua macho akakutazama usoni kwa hiari yake: gumba, kipande. Dakika 3 kwa kipindi, vipindi 4 au 5 kwa siku. Mara ya kwanza atakutazama kwa bahati. Baada ya siku chache atakuwa anakukodolea macho hata ukipika, na watu wa nyumbani watalalamika. Waacheni walalamike.

Sasa hiyo nyumba ya mbao. Wenye nyumba za saruji wangekuonea wivu, kwa sababu sakafu ya mbao ndiyo sauti yako. Piga kisigino mara moja, si kwa nguvu. Mtetemo utamfikia miguuni, atageuka kutafuta: gumba, kipande. Mara 10 kwa siku, ukiwa mita 1, kisha 2, kisha kutoka chumba cha pili. Kisigino kiwe na maana moja tu, "nitazame". Mkikitumia pia kumkemea, au watoto wakicheza kwa kurukaruka sakafuni siku nzima, ataanza kukipuuza kama tunavyopuuza honi za taksi-moto.

Ukitoka nje uwanjani, makoro hayapeleki mtetemo wowote, nawe unarudi kuwa bubu. Hapo mtumie kamba nyepesi ya mita 8 hadi 10. Ivute kidogo kama mtu anayebisha hodi, usimkokote, akigeuka, gumba. Usiku tumia tochi: mulika mara mbili ardhini mbele yake, kamwe si machoni, na msiicheze ile ya kukimbizana na mwanga. Mbwa wasiosikia hunaswa upesi na mchezo huo mpaka wanakimbiza vivuli ukutani mchana kutwa, na kuwaachisha ni shida.

Jambo moja la makoro: mbwa huyu atakimbia macho yakiwa kwako, si penye miguu yake, na mawe yale yanakata. Mazoezi ya kuja mbio yafanyeni kwenye udongo uliofagiliwa. Ishara ya kuja iwe kubwa: mkono mzima unyooshwe pembeni, kisha uletwe kifuani. Anza hatua 2 kutoka kwako. Kila akifika, lipa hata kama alichelewa. Usimwite kamwe ili umfungie ndani au umwogeshe. Hayo mfuate mwenyewe.

Swali: Nyumbani tuko saba na kila mtu ana ishara zake. Mbwa anatutazama kama tunacheza ngoma. Kuna ishara rasmi? (Dada wa Majengo)

Jibu: Rasmi hakuna. Chora zenu kwenye karatasi, bandika nyuma ya mlango, na anayekosea afuate karatasi. Sita zinatosha miezi mitatu ya kwanza: ndiyo, njoo, kaa, lala, acha, kwisha. Zisianzie mahali pamoja pa mwili wala zisifanane ukiziangalia kwa mbali au jua likiwa nyuma yako, kwa sababu wakati huo mbwa anaona umbo lako tu.

Mtego wa hapa kwetu ni huu. Vitabu vingi vya kigeni hufundisha "lala" kwa kiganja kinachoangalia chini. Sisi tunamwita mtu kwa kiganja hichohicho tukichezesha vidole. Mgeni atamwita mtoto wako barazani, na mbwa atajilaza chini, au siku nyingine utamwambia alale naye aje. Basi "lala" iwe kidole kimoja kinachoelekea ardhini. "Kaa" iwe ngumi iliyoinuliwa kifuani: shika kipande ndani ya ngumi, ipandishe kutoka puani pake kwenda juu, matako yatashuka yenyewe. Baada ya siku 4, ngumi tupu, kipande kitoke mkono wa pili. "Kwisha" ni viganja viwili vitupu, ili ajue malipo yamefungwa na asiwaombe usiku kucha.

Na mseme kwa mdomo pia mnapofanya ishara. Sauti haifiki, lakini uso wa mtu anayesema hujisogeza vyema, na mbwa hawa wanasoma nyuso kuliko tunavyodhani.

Swali: Mtoto wangu wa miaka 4 alimgusa mbwa akiwa amelala, akang'atwa kidole, damu ikatoka kidogo. Mbwa ana miezi 4. Mchana pia anang'ata sana tukicheza. Watu wanasema tumtupe. (Mama wa Keshero)

Jibu: Mama, kabla ya mbwa, kidole. Jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, saa iangaliwe, hata kama ni mkwaruzo. Halafu kituo cha afya siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza hakina tiba. Kama ulikuwa hujampeleka, mpeleke leo, na useme ikiwa mbwa alichanjwa au la. Mbwa huchanjwa akifika miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa kadiri ya aina ya chanjo iliyotumika. Kama wako bado, mwambie daktari wa wanyama kwamba amemng'ata mtu kabla hujaomba sindano.

Mbwa hakufanya ubaya. Hatua za mtoto hakuzisikia. Alichokijua ni kwamba kitu kimemshika gizani. Dawa yake ni kumfundisha kwamba kuguswa ghafla ni habari njema, na hiyo huanzwa akiwa macho. Mjie kwa nyuma, vidole viwili begani, kidogo tu, na kipande kifike puani kabla hajamaliza kugeuka. Mara 10 kwa siku, wiki nzima, sehemu ileile ya bega. Wiki ya pili fanya akiwa anasinzia. Wiki ya tatu akiwa amelala, lakini kwanza weka mkono wazi mbele ya pua yake sekunde 2 au 3 bila kumgusa. Harufu yako itamwamsha nusu, ndipo uguse bega, ndipo ulipe. Watu wazima wote wa nyumbani wafanye, mmoja mmoja. Ukiona bado anaruka au anakunja midomo, umekwenda haraka: rudi wiki moja nyuma.

Mtoto wa miaka 4 asishiriki. Hata akikariri, atasahau siku atakayokuwa na furaha. Kazi yake iwe kusimama mita 2 na kupiga mguu sakafuni, basi. Mahali pa kulala pa mbwa pawe pembeni, mgongo wake ukutani na uso mlangoni, pasipopitwa na watu.

Kung'ata kwa mchezo kuna chanzo kingine. Watoto wa mbwa hufundishana nguvu ya meno kwa kulia: aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unavunjika. Huyu kilio hakukisikia, kwa hiyo hajui kwamba meno yake yanauma. Kupiga "ai!" hakusaidii kitu. Meno yakigusa ngozi, simama palepale, kunja mikono, mpe mgongo sekunde 20, kisha endelea. Itachukua mamia ya mara, tuseme kweli, na lazima watu wote wafanye hivyo hivyo. Kofi hapana. Mkono ndio mdomo wako kwake. Ukiutumia kupiga, kesho ukiinua ngumi akae atakukimbia.

Swali: Nikitoka chumbani akiwa amelala, akiamka analia kama amefiwa. (Msomaji wa Katindo)

Jibu: Kwa sababu aliachwa bila kuagwa. Usiondoke kwa kunyata. Mguse bega, onyesha ishara ya kutoka (mnaweza kutumia mkono unaopunga mara moja), ondoka nusu dakika, rudi kimya. Ongeza dakika moja moja. Mwachie nguo uliyovaa jana mahali pake.

Swali: Kaka yangu ameniletea kola ya mtetemo yenye rimoti. Niko Bukavu, upande wa Kadutu, njia ni mteremko na pikipiki zinashuka bila kupiga honi. Naweza sasa kumwacha bila kamba? (Papa wa Bukavu)

Jibu: Papa, hapana. Honi nayo isingemsaidia. Betri huisha, mvua huingia, rimoti husahaulika juu ya meza. Kamba haina betri. Kwenye mteremko ifunge kwenye mkanda wa kifua, si shingoni, kwa sababu mbwa akishuka mbio na kamba ikafika mwisho, shingo ndiyo inayolipa.

Kola yenyewe itumie, lakini iangalie kwanza. Kama ina vijiti viwili vya chuma vya kupiga umeme, vifungue uvitoe, na uzibe kitufe chake kwa gundi ya karatasi. Ijaribu mkononi mwako kwa kiwango cha chini kabisa. Mbwa aivae imezimwa siku 3, saa chache kila siku, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Halafu, nyumbani, bonyeza sekunde moja, toa kipande papo hapo: mara 10 asubuhi, mara 10 jioni, siku 5. Usimtake afanye chochote bado. Akijikunyata au kujikuna shingo, mvue, iweke kola chini karibu naye na ubonyeze hapo huku ukimlisha, mpaka iwe kitu cha kawaida. Siku ya 6 bonyeza akiwa amekupa mgongo. Akigeuka, gumba na malipo makubwa. Maana yake ibaki "nitazame", kama kisigino kwa wenye sakafu za mbao. Ivuliwe usiku, la sivyo shingo itaota vidonda. Mbwa wa chini ya miezi 4 au 5 wengi ni wadogo mno kwa uzito wake.

Mfunge pia njuga ndogo. Yeye haitaisikia, lakini wewe utajua yuko kichaka gani. Na kwenye mkanda andika kwa rangi "HASIKII" na "SOURD" (kiziwi kwa Kifaransa), ili atakayemwokota asidhani ana wazimu.

Swali: Wetu alikuwa anasikia. Sasa ana mwaka 1, anatikisa kichwa, masikio yananuka na haitiki. Jirani anasema tutie mafuta ya injini. (Msomaji wa Birere)

Jibu: Msitie. Huyo pengine masikio yameziba tu na yanatibika. Uchafu mkavu mweusi kama unga wa kahawa huwa ni utitiri wa masikioni. Usaha na harufu kali ni maambukizi. Lakini daktari lazima aangalie ngozi ya ndani ya sikio kabla ya tone lolote: ikiwa imetoboka, dawa kama gentamicin zinaweza kuingia ndani na kuua kusikia kulikobaki. Tiba isiyofaa nayo inaweza kupoteza masikio ya mbwa.

Swali: Ana miezi 8, jike, mzuri sana. Je, atalinda parsele (kiwanja cha nyumba)? Na tumzalishe na dume la jirani, ambalo linasikia vizuri? (Papa wa Mabanga)

Jibu: Kulinda, kwa nusu. Macho na pua vyake ni vizima, na akiwa macho atabweka, pengine kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Akilala, mwizi atampita. Mkiwa na mbwa mwingine anayesikia, atajifunza kuamka mwenzake anapoamka, na hapo wawili wanafanya kazi ya mmoja na nusu. Msimfunge mnyororo gizani karibu na lango ambapo watu hupita nyuma yake, na mlinzi wa usiku aonyeshwe ile mbinu ya mkono mbele ya pua kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku.

Kumzalisha, hapana, Papa. Uziwi wa namna hii hurithiwa. Hata dume likisikia, baadhi ya watoto wanaweza kuzaliwa hawasikii, na walio wazima wanaweza kuubeba na kuupeleka mbele. Mfanyieni upasuaji wa uzazi sasa, kabla ya joto lijalo (wakati wa kutaka dume); siku 10 za kwanza mzuieni asilambe mshono.